Shingo ya Mtani

Simu ilitoka Kitaya saa nne asubuhi, nikiwa kibarazani nakunywa uji. Kijana aliyepiga alisema yeye ni mtoto wa mwisho wa Athumani, kisha akaniambia, "Mzee ametutoka alfajiri. Tunazika alasiri. Mama anasema uje, maana watani wa rika lake umebaki wewe tu." Nikamjibu nakuja, nikakaa na bakuli mapajani mpaka uji ukapoa. Watu wa kwetu kusini wanajua maana ya mtani kuitwa msibani. Haitwi kulia, waliaji wapo na kazi yao wanaijua. Mtani anaitwa aje auvuruge msiba. Atalizuia jeneza njiani, ataingia kaburini na kudai ni kitanda chake, na zaidi ya yote atamwigiza marehemu, alivyotembea, alivyokohoa, alivyoita watoto, mpaka wafiwa ambao hawajala tangu jana wacheke bila kupenda. Ukoo wetu na ukoo wa Athumani ni watani tangu kwa mababu, kwa sababu ambazo kila mzee anazieleza kivyake. Kwa hiyo nilijua nasubiriwa kwa lipi. Athumani alikuwa na jambo moja la kuigizwa, nalo ni shingo. Kwa miaka hamsini hakuweza kuigeuza. Ukimwita kwa nyuma aligeuka mwili mzima, hatua kwa hatua, kama mtu mwenye ndoo ya maji kichwani. Na mtu wa kwanza kuiigiza shingo ile alikuwa mimi.

Mwaka wa sabini na mbili nilikuwa na miaka ishirini na minne, na nilikuwa dereva. Siku hizi kila kijana ana leseni, lakini wakati ule dereva wa lori Mtwara alikuwa mtu. Niliendesha Bedford ya kukusanyia korosho, mlango wake wa kushoto umefungwa kwa waya, nikizitoa vijijini na kuzileta ghalani karibu na bandari. Nilivaa miwani ya jua hata siku za mawingu. Nilijua kupiga honi kwa kubembeleza, na wasichana wa Mikindani walijua siku zangu za kupita. Nayasema haya ili msomaji ajue nilikuwa na nini cha kupoteza. Pale ghalani kulikuwa na sheria moja ambayo kila dereva aliijua: atakayegonga kwa mchezo ananyang'anywa usukani na kurudishwa kwenye magunia. Mimi nilianzia kwenye magunia. Nilibeba miaka miwili kabla sijafundishwa gari, na nilikuwa nimeapa kwamba bega langu halitakaa tena chini ya gunia la mtu.

Athumani alikuwa mpagazi na hakutamani kuwa kitu kingine. Alikuwa na shingo fupi, nene, na aliringa nayo waziwazi. Gunia lililojaa aliliweka begani, akaliegemeza shingoni, akapanda nalo ubao mpaka juu ya lori huku ananitukana mimi niliyekaa kivulini. Wengine walipanda wakihema. Yeye pumzi ya matusi ilimbakia. Tulipanga nyumba moja Chikongola, vyumba vinne na ua wa makuti. Chumba changu kilipakana na chake, na ukuta wa udongo uliotutenga uliishia juu kidogo ya kichwa cha mtu, halafu ni hewa tu mpaka kwenye boriti. Kwa hiyo nilijua walichokula, walichogombania na walivyopatana. Mkewe, Somoe, alichemsha ming'oko, mizizi ya porini, asubuhi tukaila na chai ya rangi, sote watatu uani, maganda tukiyatupia kuku. Jioni alisonga ugali wa muhogo, na kisamvu alikiunga nazi mpaka kikawa kizito. Aliniita shemeji na kunipakulia mimi kwanza kwa makusudi, ili mumewe apate la kulalamikia. Sijawahi kula vizuri namna ile tena, na mke wangu, Mungu amrehemu, alikuwa mpishi hodari.

Mtani ana ruhusa. Anaweza kuingia kwako akaondoka na jogoo, nawe huna haki ya kununa. Ukinuna umeuaibisha ukoo wako. Athumani alivaa viatu vyangu vya Ijumaa akaenda navyo msikitini, akarudi na ndala za mtu mwingine. Mimi nilikula samaki wake, nikamwachia miba imepangwa vizuri kwenye sahani. Waswahili husema Mungu si Athumani, na sikuacha siku ipite bila kumkumbusha. Lakini mchezo wetu mkubwa ulikuwa kofia yake, baraghashia nyeupe aliyoidarizi Somoe kwa miezi. Nilikuwa nikimpokonya na kukimbia nayo, naye akinifukuza mtaa mzima, watu wazima na ndevu zetu, huku watoto wakitushangilia.

Ilikuwa mwezi wa kumi na moja, msimu umepamba moto, mabibo yanaoza chini ya mikorosho na njia nzima inanuka pombe. Tulikuwa tunatoka Kitaya, lori limejaa, mimi na Athumani peke yetu mbele. Wapagazi wengine walibaki kule kuandaa magunia ya safari ya pili. Ng'ambo ya Ruvuma kulikuwa na vita, na siku hiyo tulisikia mizinga mara mbili, kwa hiyo tulipokaribia Naliendele tulikuwa na furaha ya watu waliokwisha kufika nyumbani. Mbele yetu kulikuwa na lori jingine linatimua vumbi. Athumani alikuwa akinisimanga kwamba naendesha kama mtu anayepeleka mayai. Nikanyoosha mkono wa kushoto nikampokonya kofia, nikaihamishia mkono wa kulia, nikaitoa nje ya dirisha. "Iage," nikamwambia. Akaruka. Alijinyoosha mbele ya kifua changu, shingo ameipinda kuelekea dirishani kwangu, tunacheka wote wawili, na mimi siangalii njia. Nilipoinua macho lori la mbele lilikuwa limesimama. Nilikanyaga breki, matairi yakateleza kwenye mchanga, tukaligonga kwa nyuma.

Haukuwa mshindo mkubwa. Taa moja ilivunjika na bampa likakunjika. Mimi nilikuwa nimeshika usukani, sikupata hata mchubuko. Athumani alirushwa mbele kisha akarudishwa kwenye kiti, na kichwa kikafuata kwa kuchelewa, nilikiona kikienda na kurudi. Alishika kisogo akasema, "Ntani, kuna kitu kimelia humu." Nikamwambia ni ubongo wake umeamka. Akacheka, akashuka kuiokota kofia yake, akanisaidia kulinyoosha bampa kwa nyundo, na tulipofika ghalani alishusha magunia kama siku zote. Mimi nilikwenda kwa mnyapara nikamweleza kwamba vumbi lilikuwa zito na lori la mbele lilisimama ghafla. Vumbi lilikuwepo kweli, na lori lilisimama kweli. Mnyapara akaandika, akaniambia nishukuru Mungu.

Kesho yake kulipokuwa kunapambazuka nilimsikia Somoe upande wa pili akisema, "Inuka basi, maji yamepoa." Halafu nikaisikia sauti ya Athumani, lakini si ile niliyoizoea. "Nishike kichwa," alisema. "Kinyanyue wewe, mimi siwezi." Nikasikia mkeka ukikwaruza na Somoe akihesabu polepole, moja, mbili, tatu, na Athumani akitoa mguno mfupi alioubana kwenye meno. Nilibaki nimelala nikitazama boriti. Siku zile zilizofuata Somoe alimkanda kwa kitambaa cha maji moto na mafuta ya nazi, akamfunga kanga shingoni. Mzee mmoja mchuaji aliletwa, akamchua mpaka akatoa machozi. Hospitali walimpiga picha, wakasema mifupa ni mizima ila nyama na mishipa ya shingo imevutwa vibaya, wakampa vidonge na karatasi kwamba asibebe mzigo miezi mitatu. Shida ni kwamba kwetu mgonjwa ni mtu aliyelala au anayetoka damu. Athumani alitembea, alikula, alijibu salamu. Kichwa kilimuuma mpaka macho yakapoteza nuru, vidole vya mkono wa kulia vikafa ganzi asiweze kushika kikombe, lakini hayo hayaonekani kwa mtu anayepita uani. Tena mwenye shingo ile! Jirani mmoja alisema mbele yangu kwamba shingo ya Athumani ikivunjika, basi nguzo za gati nazo zitavunjika.

Siku ya tatu nikaanza. Nilichukua kanga ya Somoe kwenye kamba, nikajifunga shingoni, nikatembea uani nimekakamaa, nikimsalimia kuku kwa kugeuka mwili mzima. Majirani walicheka mpaka wakashika mbavu. Athumani alicheka pia, ameshika kanga yake kwa mikono miwili ili kicheko kisimtikise. "Mungu si Athumani," nikamwambia, "kakupa shingo ya ng'ombe ukaitumia vibaya." Akanijibu nami niombe nipate hata ya kuku. Kwa mtu anayetazama ule ulikuwa utani kama utani wowote. Nataka niseme wazi haukuwa hivyo, kwa sababu nimekaa nao miaka yote hii na sina tena nguvu ya kuupaka rangi. Nilikuwa naogopa. Watu wakiamini kwamba Athumani ameumia kweli, mtu atauliza ameumiaje kwa ajali ndogo vile, shingo yake ilikuwa imeangalia wapi, na kwa nini. Wakiona ni jambo la kuchekesha hawatauliza. Kwa hiyo nilicheka kwa bidii, kila siku, na niliona watu wakianza kuisadiki michezo yangu kuliko macho yao. Nilikula ugali wa Somoe jioni ya siku hizo hizo.

Mnyapara wetu alikuwa Bwana Petro, mtu wa bara, Mkristo, mwenye kalamu mbili mfukoni. Alikuwa mwadilifu, na sitaki lawama ya mwaka ule imwangukie. Karatasi ya hospitali aliipokea, akamweka Athumani kazi ya kukaa, kushona midomo ya magunia. Baada ya wiki mbili wapagazi wakaanza kunung'unika kwamba wanabeba fungu la mtu mzima mwenye afya. Bwana Petro akatuita wote baada ya kazi, tukakaa juu ya magunia, ghala linanuka maganda ya korosho, milango imefunguliwa upepo upite. "Karatasi nimeisoma," alisema. "Lakini miezi mitatu ni msimu mzima, na wenzake wanalalamika. Rashidi, wewe ulikuwa naye garini, na mnakaa nyumba moja. Niambie kweli. Huyu mtu anaumwa?"

Wapagazi walianza kucheka kabla sijafungua mdomo. Mtu anaulizwa habari za mtani wake! Kwetu neno la mtani juu ya mtani wake si ushahidi, hata mtoto mdogo analijua hilo. Bwana Petro hakulijua. Kwao watani wao ni wengine na taratibu zao nyingine, na hakuna aliyewahi kumweleza sisi wawili ni nani. Ningeweza kusema, "Bwana Petro, nisiulizwe mimi, huyu ni mtani wangu." Maneno hayo tu. Yasingenitia hatarini hata kidogo. Badala yake nikavua shati nikalizungusha shingoni, nikatembea kutoka kwenye mzani mpaka mlangoni, nikajigonga kwenye nguzo, kisha nikageuka mwili mzima kuiomba nguzo radhi. Ghala lilivuma kwa vicheko. Bwana Petro naye alicheka mpaka akafuta macho. "Na ajali yenyewe?" akauliza. Nikasema, "Ilivunjika taa. Mimi huyu hapa, mzima." Mtu mmoja nyuma akapaza sauti, "Kumbe tunafuga kupe!" Neno hilo lilikuwa redioni kila siku wakati ule, la watu wanaokula jasho la wenzao, na likapokewa kwa makofi. Bwana Petro akamgeukia Athumani. "Una la kusema?"

Athumani alikuwa amekaa mgongo wima, mikono juu ya magoti. Alinitazama kwa pembe ya macho kwa sababu kichwa hakikuweza kuja. Angeweza kuitaja kofia, na kama angeitaja nisingekuwa na pa kujificha. Jasho lilinitoka mgongoni, nami sina shati. Akatabasamu kidogo. "Ntani wangu kashasema," akajibu.

Kwa Bwana Petro hayo yalikuwa maungamo. Akafunga daftari, akasema Jumatatu kila mtu kwenye magunia. Wapagazi walijua kwamba Athumani hakukubali lolote, kwamba alikuwa anashika adabu ya utani tu, lakini nao walikuwa wamechoka na msimu ulikuwa mrefu. Mimi nilijua kuliko wote. Tulirudi nyumbani njia moja, yeye mbele mimi nyuma, na hakuna aliyemtania mwenziwe. Jioni ile Somoe aliweka chakula changu mlangoni kwangu, akasema, "Dereva, chakula hicho." Tangu siku hiyo hakuniita shemeji. Na asubuhi iliyofuata, kupitia juu ya ukuta, nikamsikia anamwuliza mumewe, "Kwa nini hukumwambia yule Bwana habari ya kofia?" Athumani akasema, "Ntani hashtakiwi." "Na shingo?" "Shingo ni yangu, nke wangu." "Ni yako peke yako? Mimi na ntoto huyu tumboni tunakula kwa shingo ya nani?" Na mimi niliyekuwa na jibu nilivuta shuka nikajifunika uso, mtu mzima, dereva.

Mzaha mzaha hutumbuka usaha. Shingo ilipokataa gunia, Athumani alianza kubeba kwa kiuno. Aliinama upande mmoja, mzigo wote unakaa sehemu ya chini ya mgongo, akapanda ubao bila kutukana mtu. Nilimtazama kutoka kivulini kwa siku kumi na tisa. Wenzake walimwambia ajinyooshe, akasema anajinyoosha. Siku ya ishirini alikuwa katikati ya ubao nilipomwona anasimama, gunia begani, kama mtu aliyekumbuka kitu alichosahau nyumbani. Kisha miguu ikakunjika, gunia likaenda upande huu na yeye upande ule. Hakupiga kelele. Nilikuwa wa kwanza kumfikia, na alipojaribu kuinuka kwa mikono, miguu haikumfuata. "Usinishike shingo," aliniambia, basi. Bwana Petro alikuja mbio, akapiga magoti mchangani na suruali yake safi, akawa anasema, "Kumbe kweli? Kumbe kweli?" Kwa kweli alikuwa ananiuliza mimi.

Miguu ilirudi baada ya majuma, lakini haikurudi yote. Alitembea kwa fimbo, kiuno kimepinda, shingo imekaa pale pale, na Mtwara hakukuwa na kazi ya mtu wa namna hiyo. Wakaamua kurudi Kitaya kwa wazazi wake. Nani awapeleke? Lori lilikuwa linakwenda huko tupu kufuata korosho za mwisho, na dereva wake ni mimi. Tulimlaza nyuma juu ya magunia matupu, Somoe amekaa kichwani pake, amekishika kwa viganja viwili ili kisitikisike, na tumbo lake kubwa. Sijawahi kuendesha kwa uangalifu kama siku ile. Kila shimo nililizunguka, kila mzizi niliupanda kwa gia ya kwanza, na bado nilimsikia. Njia ya saa tatu ilichukua karibu siku nzima. Tulipomshusha Kitaya, nyumba imejaa shangazi na wajomba wanaolia, alinipa mkono, akasema, "Leo umeendesha vizuri, ntani. Kumbe unaweza." Watu wakacheka. Nami nikacheka, nikapanda lori, nikaenda nikasimama kwenye mikorosho nje ya kijiji mpaka giza likaingia.

Usukani niliubakiza. Niliendesha miaka thelathini na moja. Athumani alijifunza kusuka madema ya kuvulia, kazi ya kukaa, akawa anayauza kwa wavuvi wa mtoni, na madema yake yalisifiwa mpaka Msimbati. Lakini wapagazi wengi walitoka vijiji vile vile, na lile neno la ghalani lilifika Kitaya kabla ya lori langu. Wakamwita Kupe. Watoto wake wakawa watoto wa Kupe, shuleni na kisimani. Nilipopita huko, mara moja au mbili kwa mwaka, watu walinizunguka wanidai shingo, nami nikawafanyia, na Athumani akacheka, na Somoe akaingia ndani. Miaka michache iliyopita bajaji niliyopanda mjini iligongwa kwa nyuma na pikipiki. Jambo dogo tu; tulishuka, tukagombana, tukaenda zetu. Asubuhi yake sikuweza kuinua kichwa kutoka kwenye mto. Nilimwita mwanangu anishike kisogo. Hospitali walinivisha kola laini shingoni, wanangu wakanikataza hata kubeba birika, majirani wakaniletea supu ya pweza, na kila aliyenitazama aliamini naumwa. Wiki mbili nikapona. Katika wiki mbili zile nilijua kwa mwili wangu kile nilichokuwa najua kwa kichwa tu, na bado sikupanda gari kwenda Kitaya kumwambia. Nilijiambia amezeeka, amesahau. Naona haya kuandika hivyo, lakini ndivyo nilivyojiambia.

Siku ya msiba nilifika saa nane. Ua ulikuwa umejaa, wanaume kwenye majamvi, wanawake ndani. Waliponiona tu nikishuka, wazee wakaanza kutabasamu, na mmoja akasogeza watu kunipa nafasi ya kutembea kama Athumani. Yule kijana aliyenipigia simu alikuja akasema mama ananiita kwanza. Somoe alikuwa amekaa chini chumbani, amejifunika kaniki, ukuta wa nyuma yake umetundikwa madema mawili ambayo hayajamalizika. Nilikaa kwenye ncha ya mkeka. Nilianza kusema pole, akaninyamazisha kwa mkono.

"Wamekusubiri uwachekeshe," alisema.

"Najua, shemeji."

"Mume wangu alikuwa ntani wako. Hakukushtaki akiwa nzima, na hawezi kukushtaki sasa. Sawa. Hayo yenu." Alivuta kaniki akajifunika vizuri. "Mimi si ntani wako. Hawa wanangu wameitwa watoto wa kupe tangu wanatambaa, na baba yao hakuwaambia kitu. Nilimwomba, akakataa. Leo hayupo wa kunikataza. Utasema wewe, kwa kinywa chako, kabla baba yao hajatolewa humu ndani. Au nitatoka niseme mimi, na eda yangu hii."

Nilitoka nikasimama katikati ya ua. Wakanyamaza, nyuso zimekaa tayari. Nikasema, "Athumani hakuwa mvivu. Shingo ile niliivunja mimi. Nilikuwa naendesha gari, nikampokonya kofia kwa mchezo, nikagonga. Aliumwa kweli tangu siku ya kwanza, na mimi nilijua, nikawaambia watu haumwi ili nisinyang'anywe gari. Kiuno nacho ni mimi."

Ua mzima ukaangua kicheko. Mzee mmoja alijipiga paja, akasema, "Huyu ndiye ntani! Mmemsikia? Eti kamvunja yeye!" Wengine walikuwa wanafuta machozi, wale wale waliokuwa wanalia alfajiri. Nilisimama mikono imening'inia. Nilitaka kuapa, nikaona hata kiapo watakicheka.

Somoe alikuwa amesimama kizingitini, nusu ndani nusu nje.

"Sema tena," akaniambia.

Nikasema tena, neno kwa neno. Wakacheka tena, lakini wachache, na yule kijana aliyenipigia simu hakuwa miongoni mwao.